Nyuzi zimelegea, mambo yamekaa sawa

Wapiga gitaa wenzangu, njooni huku.

Kuna wimbo wa gitaa la Hawaii umenisumbua siku nyingi. Besi inashuka chini ya noti ya E, na gitaa la kawaida mwisho wake chini ni hapo. Nikajua tu: huyu mzee anayepiga kalegeza nyuzi.

Leo nikatulia nao, headphone masikioni. Uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, nikaushusha hadi D. Bado. Wa tano hadi G, wa kwanza D.

Nikapiga zote bila kubonyeza popote.

Jamani! Chord ya G (noti zake zote pamoja) inalia yenyewe!

Ule wa sita umelegea mpaka unauona ukicheza, na mtetemo unakuingia kifuani kupitia mbao.

Ila chord yangu ya C niliyoizoea haipo tena pale ilipokuwa, vidole vinahangaika kweli.

Nyie huwa mnalegeza upi kwanza?