Dume Aliyevuka Seng'enge

Kutoka Minneapolis, barabara namba 61 huteremka kusini-mashariki ikiufuata mto Mississippi, na Ijumaa ile ya Novemba karibu kila pikapu tuliyoipita ilikuwa na nguo za wawindaji za rangi ya chungwa zimetundikwa dirishani. Katika jimbo la Wisconsin, msimu wa kuwinda kwa bunduki ayala, mnyamapori anayefanana na swala, hufunguliwa Jumamosi inayotangulia Siku ya Shukrani na hudumu siku 9. Ukimhitaji fundi bomba wa kijijini katika siku hizo, utaambiwa yuko msituni. Mwenzangu wa kazini, aliyekuwa akiendesha, alikuwa ameomba likizo yake tangu Machi. Mimi alinialika kama mtazamaji. Alikwisha kusikia kwamba mjomba wangu alikuwa msoma nyayo wa kampuni za uwindaji kule Rungwa, Tanzania, akadhani basi na mimi ninayo damu hiyo. Sikumkatalia.

Tulivuka mto pale Wabasha, ambako tai wenye vichwa vyeupe hukusanyika wakati wa baridi kwa sababu maji ya hapo hayagandi yote, tukaingia Wisconsin kwenye kijiji cha Nelson, kisha tukashuka hadi Alma, makao makuu ya Buffalo County. Mji wenyewe ni barabara mbili ndefu zilizobanwa kati ya mto na mlima. Mgeni anaweza kuupita bila kugeuza shingo. Lakini kwa wawindaji wa ayala mkia-mweupe, kaunti hii ndiyo inayotajwa kwanza Marekani nzima yanapozungumzwa madume makubwa.

Sababu unaiona kwa macho. Barafu kuu za zama za kale zilizosawazisha sehemu kubwa ya nchi za jirani zilikikwepa kipande hiki, ndiyo maana yamebaki magenge, makorongo na migongo ya vilima iliyojaa mialoni, na chini mabondeni kuna udongo mzito wa mahindi na soya. Usiku ayala anakula bondeni, mchana analala juu. Dume mwenye vyote viwili karibu hana haja ya kutangatanga sana, na asiyetangatanga ana nafasi ya kuzeeka.

Kuzeeka ndiko kunakotafutwa. Pembe za tandala huota naye na kufa naye, ila ayala huziangusha zake kila mwaka majira ya baridi, kisha huanza upya baridi ikiisha. Huota zikiwa zimevikwa ngozi laini yenye damu, na kufikia Septemba mnyama huisugua kwenye miti mpaka itoke, ubaki mfupa mtupu. Mzigo wote ule kichwani ni kazi ya miezi michache. Dume wa mwaka mmoja na nusu hubeba kidogo tu, kwa kuwa chakula chake bado kinajenga mwili. Akifika miaka 5 au 6 mwili umekwisha kukomaa, na ziada yote inapanda kichwani. Kwa hiyo anayetaka pembe kubwa lazima kwanza akubali kutompiga mnyama kwa miaka kadhaa mfululizo. Hilo ni rahisi kulisema ukiwa mezani.

Mezani ndipo tulipokaa usiku huo, kwa baba mkwe wa mwenzangu. Amepita miaka 70. Kila mtu pale, mpaka mume wa mjukuu wake, humwita kwa jina lake la kwanza. Mimi ulimi ulikataa, nikamwita Mzee, naye akaipenda. Kuta za sebule zilikuwa na vichwa vya madume vilivyokaushwa, na nilijikuta nikihesabu miaka ya jela, maana kwetu mtu akikutwa na nyara ya Serikali bila kibali, siku hiyo hiyo anafahamiana na hakimu.

Nilipomwambia hivyo alicheka, kisha akashangaa kwamba sheria zetu zinakaribiana. Wisconsin nayo inamhesabu mnyamapori kuwa mali ya umma chini ya uangalizi wa jimbo. Tofauti iko kwenye udongo. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na kampuni ya uwindaji hupewa kitalu, yaani eneo la kuwindia, kwa muda. Pale Alma, ekari 160 ni za Mzee, hati anayo, na akitaka anakuzuia usizikanyage. Ila ayala anayelala ndani ya ekari hizo si wake mpaka ampige akiwa na leseni, ndani ya msimu, katika saa zilizoruhusiwa. Mnyama akiruka seng'enge, naye huiruka bila hata kuongeza mwendo, jasho lote la Mzee linahama naye.

“Texas wapo wanaojenga uzio wa futi nane,” alisema. “Wanafuga mbuzi wenye pembe.” Boone and Crockett Club, chama alichokianzisha Theodore Roosevelt na wenzake mwaka 1887 na ambacho ndicho kinachotunza daftari la rekodi, hakimpokei mnyama aliyepigwa ndani ya uzio asioweza kuuruka. Mzee analiamini daftari hilo kama wengine wanavyoamini msahafu.

Kisha akafungua kompyuta. Kamera za mtego, zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, amezifunga kwenye miti ya shamba zima, na dume mmoja alikuwa na faili lake peke yake. Walimwita Sikio, kwa kuwa sikio la kushoto limechanika. Picha zilianza akiwa kijana mwembamba, shingo ya kike, miguu ikionekana mirefu kuliko kiwiliwili. Mwaka baada ya mwaka kifua kikashuka, mgongo ukapinda kidogo, na pembe zikawa nene kwenye shina. Mzee alikuwa akimkadiria inchi mia moja na sitini na kitu. Hesabu hiyo hupatikana kwa kujumlisha urefu wa mashina mawili, urefu wa kila ncha, unene wa shina sehemu nne kila upande, na upana wa ndani, hadi sehemu ya nane ya inchi. Halafu unapunguziwa kwa kila mahali ambapo kulia hakulingani na kushoto. Kuingia kwenye orodha ya kudumu, dume mwenye pembe za umbo la kawaida anahitaji 170, na pembe sharti zikauke siku 60 kwanza.

Kuhusu daftari hilo kuna kisa ambacho kila mtu wa Wisconsin atakusimulia upende usipende. Mwaka 1914, James Jordan alipiga dume kaskazini mwa jimbo, karibu na Danbury, akampa mkaushaji kichwa akitengeneze. Mkaushaji akahama na kichwa kikapotea. Mwaka 1964 mtu mwingine alikinunua Minnesota kwa dola 3 katika mauzo ya vitu vikuukuu. Kilipopimwa, kikatoka 206 na moja ya nane, rekodi ya dunia. Jordan alikitambua na akadai ni chake kwa miaka, na jina lake lilipokubaliwa rasmi, mwaka 1978, alikuwa amefariki miezi michache tu nyuma. Rekodi yenyewe ilivunjwa mwaka 1993 na Milo Hanson wa Saskatchewan, Kanada.

Jumamosi tuliondoka nyumbani giza likiwa bado zito, baridi ikiingia mpaka kwenye meno. Mzee alinivika kizibao cha rangi ya chungwa, akanipandisha kwenye dungu la watu wawili lililofungwa kwenye mwaloni, akanionyesha kwa kidole pa kutazama, na baada ya hapo hakuna aliyesema neno. Kupiga kunaruhusiwa nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Dakika ile ilipofika, milio ya bunduki ilianza kusikika kutoka vilima vya mbali, mmoja mmoja, kisha mfululizo. Kila mlio ulipotoka upande wa mashariki Mzee aligeuza shingo. Huko ndiko kwa jirani.

Saa mbili hivi majani makavu yalilia. Majike wawili walipita, halafu nyuma yao dume, pua chini, maana Novemba ni msimu wa kupandana na akili huwa haipo. Alikuwa na ncha nane, amesimama ubavu kwetu, umbali ambao hata mimi nisingekosa. Mzee hakugusa bunduki. Alimtazama kifua na tumbo, akanyoosha vidole vitatu: miaka mitatu. Nilimkumbuka mjomba. Kwetu tangu 2010 hivi kanuni inataka simba wa nyara awe na miaka 6 au zaidi, na mjomba alikuwa akisimulia jinsi wageni waliolipa maelfu ya dola walivyokasirika pale msoma nyayo alipotikisa kichwa kwa sababu pua ya simba ilikuwa bado na wekundu. Ila mgeni yule alikuwa akizuiwa na watu wengine. Mzee anajizuia mwenyewe, bila askari, na dume yule akaenda zake moja kwa moja upande wa mashariki.

Mchana tulizunguka shamba. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba uwindaji wenyewe ni sehemu ndogo kabisa ya shughuli. Kuna vishamba vidogo vya klova katikati ya msitu, vingine vya tanipu na figili ambazo ayala huzipenda baada ya umande kuganda, na ukanda wa soya usiovunwa. Kupanda kunaruhusiwa; kumwaga mahindi ardhini ni marufuku katika kaunti zilizoguswa na ugonjwa ambao nitaueleza. Mahali pengine miti michanga imekatwa nusu na kulazwa ikiwa hai, iendelee kuchipua chini ambako mdomo unafika na pia iwe kichaka cha kujificha. Na katikati kuna ekari kama thelathini ambazo hakuna anayeingia mwaka mzima, Mzee mwenyewe akiwemo, isipokuwa kufuata mnyama aliyejeruhiwa.

Nilimuuliza kama Sikio alizaliwa humo. Akasema haelekei. Madume wachanga wengi huondoka walikozaliwa wakifikisha mwaka mmoja na kitu, na huweza kwenda kilomita nyingi. Wanaozaliwa kwake wanakwenda kuwa wakubwa kwa wengine, na wanaomjia yeye wametoka kwa wengine. Ndiyo maana miaka ya nyuma aliwatembelea majirani kwa zamu, na pai ya tufaha mkononi, kuwaomba wakubaliane wote wasipige wachanga. Wengi walikubali. Wa mashariki, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alikula pai akasema atafikiria.

Jioni mwenzangu alipiga jike. Hilo nalo ni sehemu ya mpango: majike wakizidi, wanamaliza miche ya mialoni, na chakula kinapungua kwa wote. Kutoa matumbo hapo hapo mlimani ilikuwa kazi ninayoifahamu, na kwa mara ya kwanza safari ile nilikuwa na faida. Sheria inataka mnyama asajiliwe kwa simu au mtandaoni kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku inayofuata. Tulimsajili kabla hatujafika nyumbani.

Kichwa tulikipeleka kwenye kituo cha kukusanyia sampuli. Tangu Februari 2002 Wisconsin inahangaika na ugonjwa unaomkondesha ayala, unaomfanya apepesuke na kudondosha mate, mpaka afe. Chanzo chake si bakteria wala kirusi. Ni prioni, yaani protini iliyopinda ambayo huharibu ubongo na inaweza kukaa udongoni miaka. Haujathibitika kumpata binadamu, lakini ushauri wa wataalamu wa afya ni kwamba nyama ya mnyama aliyeambukizwa isiliwe. Kwa Mzee ugonjwa huu una ukakasi wa ziada. Madume wazee ndio wanaopatikana nao zaidi, na yeye maisha yake yote anafanya kazi ili wazeeke. Nilipomgusia hilo alisonya, akaongeza mwendo wa pikapu.

Jumapili asubuhi ulisikika mlio mmoja, karibu, kutoka mashariki. Baada ya saa moja simu ikaita. Mzee alisikiliza, akasema “hongera” mara mbili, akachukua kanda ya kupimia.

Sikio alikuwa amelazwa nyuma ya trekta, sikio lililochanika likiwa juu. Mfugaji alikuwa na furaha ya mtu aliyepata soseji za kutosha. Mzee alizunguka mara moja, akapiga goti, akaanza kupima akitaja namba, mwenzangu akiandika nyuma ya risiti. Ilitoka mia moja sitini na sita kasoro, kabla ya kupunguza chochote.

“Nimemlisha mimi miaka mitano,” Mzee alisema, bila ukali.

“Na soya aliyokuwa akila Julai ni ya nani?” jirani akamjibu. “Nenda ukaangalie mistari yangu minane ya kwanza.”

Wakatazamana, kisha Mzee akacheka, na nafikiri ni kwa sababu hakuwa na jibu. Mimi pia sikuliona. Jirani alisema pembe atazipigilia misumari ghalani, chama na daftari lake havimhusu. Mzee akaomba taya la chini tu. Kwa kutazama jinsi meno yalivyolika, mtu mzoefu husoma umri, na alitaka kujua kama picha zake zilisema kweli. Walibishana hapo hapo juu ya jino la tatu, mmoja akisema mitano na nusu, mwingine sita na nusu, mpaka kahawa ikaletwa. Walipoachana, Mzee alimwonyesha kwenye simu yule wa ncha nane wa Jumamosi. Jirani akasema amemwona. Akasema tena atafikiria.

Majibu ya jike wetu yalirudi safi, nasi tukagawana nyama. Ina mafuta kidogo sana, na mwenzangu huiharibu kwa kuichoma kama nyama ya ng'ombe. Mimi niliilaza usiku kwenye tangawizi na ndimu, nikaichemsha taratibu, nikaimalizia na tui zito. Tangu siku hiyo anakuja Jumapili na mkewe bila kualikwa, na mguu wa nyuma bado uko kwenye friza.