Mradi wa kempa ya pikapu: kukagua kabla hela haijatoka

Gari lenyewe lishakamilika. Ni Land Cruiser 79 ya kebini moja, nyuma imeongezwa jani la springi, shokapu mpya, tairi mpya, mkonga upo, lile bomba la kuvutia hewa juu. Sahivi natafuta kempa, yaani kile kijumba kinachokaa kwenye bodi ya pikapu, unalala humo humo, na ukifika mahali unakishusha kwa jeki zake nne gari linabaki huru. Nimeshaonyeshwa kadhaa na picha zote ni tamu, taa za rangi, mito, sinki linang'aa, na ndo maana naandika hapa kabla sijalipa, kwa sababu kadri ninavyozunguka naona vitu vinavyopendezesha picha ndo vya bei rahisi kubadilisha. Godoro unalipata hata Kilombero sokoni hapa Arusha. Kona ya paa iliyoozea ndani ya ukuta huipati duka lolote.

Za Marekani nimezifuta mapema. Nyingi zimetengenezwa kwa pikapu zao pana, kwenye bodi zetu haziingii katikati ya matairi bila kukatakata, halafu umeme wao ni volti 120 na wetu 230, kwa hiyo eyakondishena na chaja zote zinataka transfoma au kubadilishwa, na kichwa cha regyuleta ya gesi hakikai kwenye mitungi yetu. Ila kuzisoma kumenisaidia sana. Bigfoot na Northern Lite, zote za British Columbia kule Kanada, wanamwaga faiba vipande viwili, cha juu na cha chini, wanavifunga kiunoni, kwa hiyo paani hakuna kiungo kinachozunguka kingo. Four Wheel Campers wa California wao wanachomelea fremu ya alumini na paa linanyanyuka. Falsafa mbili tofauti kabisa lakini wote wanapigana na adui mmoja, maji yanayoingia kwenye viungo. Nikajua basi cha kuangalia ni viungo, mengine baadaye.

Uzito nilianza nao kwa sababu ni hesabu tu, hauna ubishi. 79 inabeba tani moja na ushei, na hapo wauzaji wanakutajia uzito wa kempa ikiwa tupu kabisa. Weka maji lita 80, hizo ni kilo 80. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukijumlisha na chuma chake unakaribia 30. Betri ya asidi ya Ah 100 nayo inakaribia 30, ya lithiamu chini ya nusu ya hapo. Friji, vyombo, jeki, dumu la mafuta ya akiba, mimi na mama watoto, ushafika kilo 300 na zaidi hujaweka hata kiti cha kukalia nje. Kwa hiyo kempa ikizidi kilo 600 tupu siendi hata kuiona. Halafu swali ambalo madalali wengi hawalijui, uzito umekaa wapi? Kitovu cha uzito kinatakiwa kiwe mbele ya ekseli ya nyuma, walau kidogo, na watengenezaji wengi wa maana wanabandika alama ubavuni kuonyesha kilipo. Ukikuta tenki la maji na betri vyote vimesukumwa kule mlangoni, jua pua ya gari itanyanyuka na usukani utakuwa mwepesi kwenye mteremko, na huku kwetu miteremko ipo.

Njiro, Jumamosi

Hii iliachwa na wageni waliokatisha safari. Fremu ya mbao, plaiwudi juu yake, halafu ngozi ya faiba imegundishwa nje. Mtengenezaji simtaji. Dalali alinipokea vizuri, "karibu bosi, ingia ndani ujionee mwenyewe," nikamwambia kaka ndani badaye, naomba kwanza nipande juu. Nilikuja na ngazi yangu kwa sababu nishaona wauzaji wengi hawana ngazi siku ya kukagua, sijui kwa nini.

Juu nilikuta silikoni. Silikoni ya dirishani, ile ya wazi, imepakwa juu ya silikoni nyingine ya zamani, na pembeni imeshaachia kama sentimita mbili hivi ukucha unaingia. Hii ni alama mbaya kuliko nyufa zenyewe, maana kiungo kilichofanywa vizuri kina utepe wa butili, ile gundi laini ya mpira, chini ya ile pati ya alumini inayofunika kiungo, halafu juu ndo inakuja silanti ya paa, yaani dawa ya kuziba, na hiyo silikoni ikishapakwa kitu kingine hakishiki vizuri mpaka uikwangue yote. Mtu aliyerundika silikoni alikuwa anafukuza maji kwa muda mrefu na hakuyapata.

Nikashuka, nikazunguka na tochi. Hapa kuna ufundi kidogo: usimulike ukuta uso kwa uso, laza tochi ubavuni mwanga upite sambamba na ukuta, mabonde na malengelenge yote yanajitokeza. Upande wa kushoto chini ya dirisha la pua, ile sehemu inayolalia juu ya kebini, palikuwa na lengelenge kubwa kuliko kiganja. Nikaligonga kwa sarafu. Ukutani kwingine sauti kavu inarudi, pale inalia kama ngoma iliyonyeshewa. Faiba imeshaachana na plaiwudi.

Ndani sasa. Nikanyanyua godoro, nikafungua kabati la kona, nikabonyeza kwa dole gumba. Plaiwudi ikabonyea. Nikaomba ruhusa nikafungua skrubu moja ya pati ya ndani, ikatoka bila hata kusumbua, shingo inang'aa na ncha imeliwa na kutu mpaka imekuwa nyembamba, na kwenye meno yake kumeng'ang'ania unga mweusi wa mbao, mbichi, ukiuviringisha kwenye vidole unakuwa uji. Nikamwonyesha dalali.

"Hiyo bosi ni mvuke tu, watu wakilala wanapumua."

Sikumbishia sana, na kweli kempa inatoa jasho ndani, hasa ukipika madirisha yamefungwa. Ila jasho linatanda, linalowanisha kioo na chuma chochote cha baridi kote kote. Maji ya paani yana njia. Yanaanzia kona, yanashuka na mstari wa kahawia, yanatulia kwenye ubao wa kwanza ulolala. Na mstari ulikuwepo, umepakwa rangi juu. Rangi mpya kwenye kona moja tu ya kabati, kwingine kote ni ya zamani, hapo huhitaji mashine ya kupima unyevu. Nikaaga.

Moshi, wiki iliyofuata

Hii ni ya mzee mmoja wa Bomang'ombe aliyekuwa kwenye biashara ya safari, anauza taratibu hana haraka. Alumini tupu, paa la kunyanyuka, kuta za juu ni turubai. Shikamoo mzee, marahaba kijana wangu, chai kwanza, ndo tukaenda uani. Nilipenda kwamba alikuwa ameishusha kwenye gari na kuiweka kwenye jeki zake bila mimi kuomba, kwa sababu kempa ikikaa kwenye bodi huoni tumbo lake, na tumboni ndo changarawe inapigia.

Tumbo safi. Paa safi, hakuna silikoni hata chembe. Turubai nililiangalia kwenye mikunjo, maana pale ndo linaposagika kila likifungwa, nikainua juu nione kama jua linapenya kwenye matundu ya sindano. Mawili matatu, yanazibika. Ukungu kidogo kwenye kona moja, lilikunjwa likiwa limelowa siku moja likasahaulika, mzee mwenyewe akasema.

Tatizo nililikuta kwenye mabano ya jeki, vile vishikio vya kona jeki zinapofungwa. Alumini iliyochomelewa inakuwa dhaifu pembeni ya welding yenyewe, pale joto lilipopita, na kwa barabara zetu za mabati zile za kutetemesha, nguvu zote zinakuja kwenye kona hizo. Bano la nyuma kulia lina ufa, mwembamba, unaanzia mwisho wa welding na unaelekea juu, macho yanaweza kuupita lakini ukipitisha ukucha unakwama. Na mle mle ndani kuna bolti za chuma cha kawaida zimefungwa moja kwa moja kwenye alumini bila kitu cha kutenganisha, unga mweupe umeshaota kuzunguka vichwa. Chuma na alumini vikikutana na unyevu anayeliwa ni alumini. Gari lingekuwa limekaa Dar karibu na bahari pangeshakuwa na matundu.

Tukaipandisha, tukaenda barabara ya vumbi kuelekea kwenye mashamba ya miwa huko chini. Kabla hatujaondoka nilibandika vipande vya selotepu kwenye makabati, gundi ikitazama juu. Tuliporudi, vya kabati la mbele vilikuwa safi kabisa na cha karibu na mlango kimekuwa kahawia. Mpira wa mlango umekufa upande wa bawaba, basi. Pia paani hakuna kitundu cha kuingiza upepo kikitazama mbele, ambacho wenzetu wa Afrika Kusini wanakiweka sana kwenye kanopi, gari likitembea hewa inajaa ndani na kusukuma vumbi nje badala ya kulivuta. Ni kitu cha nusu siku kwa fundi. Mpira nao ni wa kununua kwa mita. Ufa ndo wa kuongelea.

Unga Ltd

Kabla ya kumrudia mzee nikapitia huku Unga Ltd, Arusha, kwa fundi anayetengeneza bodi za magari ya safari, lengo nimuulize bei ya mpya. Yule jamaa ni mwamba. Hakunionyesha kempa, alinionyesha kipande cha kona alichokikata kwenye bodi iliyorudi baada ya miaka Serengeti, ukiangalia kwa ubavu unaona tabaka zote, alumini, gundi ya sikaflex, alumini, na riveti ikipita katikati. Anasema kwenye mtetemo skrubu inajifungua yenyewe, riveti inashikilia, lakini kinachobeba kazi hasa ni ile gundi kwa sababu inanyumbulika. Nikavuta kile kipande kwa nguvu zangu zote hakikusogea. Sasa mimi shida yangu ni kwamba ya kwake ni bodi tupu, ndani nianze moja, na nilipomuuliza itakuwa na kilo ngapi akasema "nyepesi tu bosi, usiwe na wasi." Nyepesi tu si namba. Mafundi wetu mikono wanayo, ila kazi ikitoka haipitishwi kwenye mzani.

Kuhusu ufa wa mzee akaangalia picha nilizopiga, akasema usikubali mtu aujazie juu tu. Ufa unatobolewa tundu dogo mwisho wake usiendelee kukimbia, unachomelewa kwa gesi ya agoni na mtu anayejua alumini, halafu inaongezwa sahani ya pembe tatu kutawanya mzigo, na mabano yote manne yafanyiwe hivyo hivyo kwa sababu yamekula barabara moja. Bolti zitolewe ziwekwe za stenlesi zenye washa za plastiki na gundi chini yake, maana hata stenlesi ikigusa alumini uchi bado inaila.

Nilipo sasa

Nimempigia mzee. Nikamwambia naitaka, ila kabla ya kutoa chochote naomba mambo mawili. Imwagiwe maji na ile mashine ya kuoshea magari, paa likiwa juu na likiwa chini, mtu mmoja ndani na tochi. Halafu ipelekwe kwenye mzani wa vyuma chakavu, gari kwanza na kempa, kisha gari bila kempa. Kakubali yote bila kununa, na hilo kwangu limehesabika, dalali wa Njiro nilipotaja maji alianza kutafuta simu yake. Swali lingine lilikuwa karatasi, kwa sababu vitu vingi vya hivi viliingia nchini kwa karneti ya msafiri, kile kibali cha kuingiza gari kwa muda bila ushuru, na kikiingia hivyo hakiuziki hapa mpaka ushuru ulipwe. Ya mzee ina risiti za forodha, nimeziona.

Kwenye bei bado tunavutana. Nataka apunguze gharama ya agoni ya mabano yote manne, yeye anasema ufa ni mmoja kwa nini alipie manne. Ijumaa narudi Bomang'ombe na yule fundi wa Unga Ltd amwelezee mwenyewe.