Asubuhi na ndege wa Saanane

Wana Mwanza, kama hamjawahi kuvuka kwenda Kisiwa cha Saanane asubuhi na mapema, mnakosa mengi. Jumamosi tulikwenda kikundi kizima, watoto kwa wazee, kutazama ndege tu. Kwa boti ni mwendo mfupi sana kutoka mjini. Ni Hifadhi ya Taifa tangu 2013, ndogo, kilomita za mraba 2.18, lakini ndege wake!

Aliyeniteka ni mdiria, yule mweusi kwa mweupe. Anasimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga kwa kasi, kichwa hakitikisiki hata kidogo, mara chubwi! Akaibuka na dagaa, akatua jiweni, akambamizabamiza ndipo akammeza. Minandi nao walitandaza mabawa juani, maana manyoya yao hulowa wakizamia samaki. Yangeyange walikuwepo, na furukombe tulimsikia kabla hatujamwona.

Kilichoniuma ni vipande vya nyavu vilivyonasa kwenye majani ya ufukweni. Ndege akiingiza mguu humo, kujinasua ni kazi. Tulivitoa vile tulivyovifikia.

Mwezi ujao tunarudi. Mwenye darubini aje nayo jamani, hazikututosha.