Nilivyolihamisha daftari la mjomba kwenye jedwali la kompyuta

Mjomba wangu ana duka la spea za baskeli huku Ngamiani, Tanga. Kwa asiyeijua Tanga, baskeli hapa ndo miguu ya watu, mtu anatoka nayo asubuhi anarudi jioni na gunia kwenye keria, kwa hiyo dukani watu hawaishi, huyu anataka tyubu, yule gololi, mwingine kaja na pedeli mkononi anauliza kama ipo ya hivi. Stoku yote iko kwenye kaunta buku moja, kushoto jina la kitu, kulia idadi kwa penseli, kikiuzwa kitu mjomba anafuta namba kwa raba anaandika nyingine. Ile kurasa ya tyubu imefutwa mpaka karatasi imetoboka, namba anaiandikia pembeni.

Siku moja nimepita kumwamkia, shikamoo mjomba, marahaba, akanisogezea lile daftari. "Mjomba, we si ndo unasomea mambo ya kompyuta, hebu nitolee hii humu kwenye karatasi. Mi nataka nikitazama nijue kilichobaki, basi." Kompyuta yenyewe ya mezani alishainunua mkononi, iko kaunta imefunikwa kitambaa, na intaneti pale dukani si ya kutegemea, nikaona hapa programu ya kukaa humo humo kwenye mashine ndo inafaa, nikachagua lugha ya Java na JavaFX, maktaba yake ya kutengenezea madirisha na vitufe, kwa sababu ndo ninayoijua. (Ukitaka kufuata njia hii kumbuka JavaFX iliondolewa kwenye JDK (kifurushi cha kuandikia Java) kuanzia toleo la 11, mwaka 2018, unaishusha peke yake.)

Kuhifadhi data hakukunipa shida hata kidogo. Daftari la mjomba tayari ni mapu, jina la kitu ni ufunguo na idadi ni thamani, `"Tyubu 28"` kwa 40, `"Cheni"` kwa 12, unaandika `HashMap` unajaza unamaliza. Shida ni kuionyesha, maana `TableView`, yaani jedwali la JavaFX, haijui mapu, yenyewe inataka listi, kila kitu kimoja cha kwenye listi kiwe mstari mmoja, na mapu si listi. Hapo nilikaa siku nne.

Kwanza nikakutana na `MapValueFactory`, jina lenyewe nikasema hii hapa ndo yangu. Nikaiweka, nikapata mstari mmoja tu. Nilihangaika nayo sana mpaka nikaelewa kwamba ile ni ya mtu mwenye mapu nyingi ambapo kila mapu ni mstari, mfano una wanafunzi na kila mwanafunzi ana mapu yake ya jina, darasa, alama, funguo ndo zinakuwa kolamu. Mi nina mapu moja ya duka zima, ningeendelea nayo ningepata mstari mmoja wenye kolamu mia na themanini na kitu, mjomba aburuze skrini kwenda kulia mpaka kesho. Kwa hiyo kabla hujaandika chochote jiulize kwako mstari ni nini, mapu nzima au jozi moja ya ndani ya mapu.

Kwangu ni jozi. Nikachukua `entrySet`, yaani jozi zote za mapu, nikaigeuza listi, kolamu mbili nikazipa `PropertyValueFactory` ya `"key"` na `"value"`, nikawasha. Jedwali likaja na mistari yote, ukikliki mstari unageuka bluu kabisa, ila ndani mweupe, hamna jina hamna namba! Programu haijasimama, haijalia, imeandika onyo tu kule chini kwenye konsoli ambako sikuwa naangalia. Sababu ni kwamba `PropertyValueFactory` inamtafuta `getKey` kwa jina wakati programu inatembea, na ile klasi halisi ya jozi za `HashMap` imefichwa ndani ya maktaba ya Java, si ya hadhara, ikibisha hodi inakataliwa. Dawa yake ni kuacha kutafuta kwa jina ukaandika lamda (kodi fupi isiyo na jina) mwenyewe, `d -> new ReadOnlyObjectWrapper<>(d.getValue().getKey())`, na ya pili hivyo hivyo kwa `getValue`. Nilipofanya vile jedwali likajaa, usiku ule sikulala kwa furaha.

Asubuhi nikampelekea. Mjomba akavaa miwani, akasogea karibu na skrini, akatazama muda mrefu hasemi kitu. Mwishowe akaniuliza, "Spoku ziko wapi?" Nikamwonyesha. "Na rimu?" Rimu ziko mbali kule chini, katikati kuna kengele na madigadi. Akanambia, "Mjomba, mi hapa sipajui." Nikafungua daftari nikaliweka pembeni ya skrini ndo nikaona kitu ambacho nimekinakili kwa mkono wangu na sikukiona, daftari limefuata rafu, linaanza mlangoni na tairi, zinafuata tyubu, rimu, spoku zake, mpaka unafika kule nyuma kwenye stendi na keria. Miaka yote mjomba anasoma daftari kama anatembea dukani. `HashMap` haitunzi mpangilio wowote, inaweka vitu inavyojua yenyewe, na mi nilikuwa nimemvurugia duka. Nikabadilisha neno moja tu, `LinkedHashMap`, yenyewe inakumbuka kipi kiliingia kwanza, rafu zikarudi mahali pake. Kuna na `TreeMap` inayopanga kwa alfabeti, lakini kwa huyu mzee alfabeti haina kazi.

Pale pale tukagundua na lingine. Daftari lina mistari 186, jedwali lina 183. Nikahesabu tena, ni vile vile. Kumbe kuna vitu vitatu mjomba aliviandika mara mbili, mzigo mpya ulipokuja kurasa ikiwa imejaa akaandika mwisho, na mapu ukiipa ufunguo uleule mara ya pili inafuta thamani ya kwanza kimyakimya, `"Tyubu 26"` za zamani 15 zimemezwa zimebaki za mzigo mpya peke yake. Hiyo ni hela ya mtu. Wakati wa kujaza nikaacha `put` nikatumia `stoku.merge(jina, idadi, Integer::sum)`, zikajumlishwa. Na majina nikayapitisha kwenye `trim` kwanza, maana nafasi moja ya ziada mwishoni mwa jina inatosha kutengeneza ufunguo mwingine.

Sasa mauzo. Nikaweka kitufe cha kuuza, kinapunguza namba kwenye mapu, lakini jedwali halina habari, linaonyesha ile ya zamani. Nikafunga mapu ndani ya `FXCollections.observableMap` nikaitegea msikilizaji, yaani kodi inayoitwa kila mapu ikibadilika, kikiondolewa kitu afute mstari, kikiongezwa aongeze. Nikauza tyubu moja kati ya 40, mstari wa tyubu ukatoka pale juu ukaenda kuonekana mwisho kabisa chini ya keria. Nikauza cheni, nayo ikakimbilia chini. Hii ilinisumbua kuliko zote mpaka nikachapisha kinachomfikia msikilizaji, nikaona ukibadilisha thamani ya ufunguo ambao tayari upo, `wasRemoved` na `wasAdded` zote mbili zinakuwa kweli kwa mpigo, ya zamani imetoka mpya imeingia, kwa hiyo msikilizaji wangu alikuwa anafuta kisha anaongeza mwishoni. Zikiwa sawa zote mbili maana yake kitu hakijaja wala hakijaondoka, namba tu imebadilika.

Nikaona bora nibadilishe mpango mzima, mstari usiwe jozi tena, mstari uwe jina la kitu tu, na kolamu ya pili iende yenyewe kwenye mapu kuuliza idadi. Baada ya kujaza mapu, kazi yote ni hii:

```java
ObservableList<String> majina =
    FXCollections.observableArrayList(stoku.keySet());

kolJina.setCellValueFactory(d -> new ReadOnlyStringWrapper(d.getValue()));
kolBaki.setCellValueFactory(d -> Bindings.valueAt(stoku, d.getValue()));

stoku.addListener((MapChangeListener<String, Integer>) b -> {
    if (b.wasAdded() == b.wasRemoved()) return;
    if (b.wasAdded()) majina.add(b.getKey());
    else majina.remove(b.getKey());
});
```

Ile `Bindings.valueAt` naipenda sana, inashikilia ufunguo mmoja ndani ya mapu, thamani ikibadilika seli inabadilika hapo hapo bila we kugusa jedwali. Msikilizaji kabaki na kazi ya vitu vipya na vilivyofutwa tu. Kila mauzo naandika pia kwenye faili la maandishi mstari kwa mstari, maana umeme ukikatika siwezi kumwambia mjomba arudie kuhesabu spoku.

Nilichomalizia ni vichwa vya kolamu. Ukikliki kichwa JavaFX inapanga ile listi yenyewe, na ukishaipanga mpangilio wa rafu umepotea, hata kliki ya tatu inayoondoa upangaji haiurudishi. Nikazungushia `majina` ndani ya `SortedList`, `comparatorProperty` yake (kanuni ya kupangia) nikaifunga na ya jedwali, listi ya asili haiguswi tena. Ukiwa umepanga kwa idadi halafu ukauza, namba inashuka ila mstari hauhami mpaka ukliki upya, nikamuuliza mjomba kama nihangaike nayo akasema iache, hataki mistari imrukeruke wakati mteja kasimama.

Siku hizi akishaswali magharibi anakliki kichwa cha "Zilizobaki" mara moja, vilivyokwisha vinapanda juu, anavinakili kwenye kikaratasi cha kwenda navyo kuchukua mzigo. Juzi juu kabisa zilikuwa gololi, sifuri, zikafuata mipira ya breki. Akimaliza anakliki mara mbili tena, tairi zinarudi mlangoni, ndo anafunika kompyuta na kitambaa chake anafunga duka.