Mwanamke Asiye na Uso

Mwaka ule nilikuwa na mji mzima kichwani. Niliujua hadi majina ya mitaa na bei ya samaki sokoni, ila hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeishi humo. Shangazi yangu, ambaye nilifikia kwake Unguja, alichoka kuniona barazani na daftari. Akanituma Capital Art Studio, ile studio ya picha iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. "Nenda kaangalie watu."

Masultani niliwapita. Majahazi pia, picha ya jahazi imeshapendeza yenyewe, haikuachii kazi. Kilichonisimamisha ni picha ya treni ya Bububu, reli iliyoanza 1905 na kufa kabla ya studio yenyewe kuzaliwa. Treni imejibana kichochoroni, mabehewa yanakaribia kulamba baraza za watu. Wote mlangoni wanaitazama kamera, isipokuwa mwanamke mmoja. Kamera za enzi hizo zilitaka utulie, naye aligeuza kichwa, basi mahali pa uso pakabaki ukungu tu.

Nilimtaka huyo huyo. Anamtafuta nani kwenye mabehewa? Mbona kikapu chake kitupu, saa ambayo wenzake wanarudi sokoni? Nikampa jina, Mwanaidi, na mume asafiriye kila Alhamisi bila kusema aendako.

Ndipo mji wangu ukaanza kunisumbua, maana treni ikipita mlangoni, maisha yana sheria nyingine. Nguo nyeupe hazianikwi upande wa njia, masizi yatazila. Ugomvi wa majirani hukatishwa katikati, wakasubiri behewa la mwisho lipite, kisha wakaendelea palepale walipoishia. Nusu ya mitaa yangu niliifuta bila huruma.

Usiku nikamsomea shangazi. Alisikiliza huku akichambua mchele.

"Mwanangu, yule bibi wa watu! Pengine wajukuu zake wapo hapo mtaa wa Malindi, nawe umeshamvunjia ndoa."

"Ni hadithi tu, shangazi."

"Basi uhamishe mji, na jina la Bububu ulitoe."

Nikauhamisha. Bahari nikaiweka upande wa pili, reli nikaipa jina la kubuni. Nilipomaliza kumweleza, akaweka ungo chini.

"Na yule mume, utamrudisha?"

Nikamwambia yule haponi, lazima aachwe.

"Afadhali," akasema.