Siku yangu na mkondo wa Msimbati

Saa 10:30 alfajiri. Ufukweni Msimbati bado ni giza. Leo napima mkondo wa bahari, kwa maboya na kwa setilaiti, na nahodha ananipeleka.

"Shikamoo baba," namwamkia nahodha.

"Marahaba binti. Kusi imelala kidogo, tuwahi kabla haijaamka."

Saa 12 kasoro. Tumevuka miamba. Kilomita 693 hivi juu, setilaiti ya radar Sentinel-1 inapita. Haingoji jua wala mawingu kupisha, kwa kuwa radar hutuma mawimbi yake yenyewe na kusikiliza yanaporudi. Hapo hapo natosa maboya matatu yenye GPS, na tunayafuata hadi saa 3. Leo ni maji mafu, kwa hiyo kupwa na kujaa hakutanivurugia sana hesabu. Yote matatu yanaelekea kaskazini-magharibi. Tunakula muhogo wa kuchemsha.

Saa 7 mchana. Niko mezani Shangani, Mtwara mjini. Picha ya leo huenda ikafika kesho, kwa hiyo naichambua ya siku 12 zilizopita, setilaiti ilipopita njia hii hii.

Hapa ndipo kazi ilipo. Maji yakija upande wa setilaiti, masafa ya wimbi linalorudi, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, hupanda kidogo. Yakienda mbali, hushuka. Lakini setilaiti yenyewe inakimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, na antena ikielekezwa kando hata kidogo tu, tayari umeona mkondo ambao haupo. Kwa hiyo natazama nchi kavu kwanza. Nchi haitembei. Radar ikiniambia rasi ya Msimbati ina mwendo, huo mwendo ni kosa, nao nautoa pia baharini. Kisha natoa mchango wa upepo na mawimbi, ambao msimu wa kusi ni mkubwa kweli. Kinachobaki ndicho mkondo.

Na hata huo ni nusu tu. Setilaiti hii hupita karibu kaskazini-kusini na kutazama ubavuni, hivyo huona vizuri maji yanayokwenda mashariki au magharibi. Mkondo wa pwani yetu unaopanda kuelekea Mafia na Unguja huiponyoka kwa sehemu kubwa. Ila huku kwetu kuna jambo la pekee: Mkondo wa Ikweta ya Kusini unatoka mashariki, unavuka bahari, unagonga pwani jirani na Rasi Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na kugawanyika, mmoja kaskazini, mwingine Msumbiji. Ule ujio wake kutoka mashariki radar inauona. Upande wa kaskazini nauchukua kwenye maboya.

Saa 11 jioni. Rangi za ramani ya mkondo zimetulia. Mbele ya Msimbati kuna utepe unaoingia magharibi, na maboya niliyoyatosa siku ile yalipita humo humo. Nampigia nahodha simu.

"Mkondo umepinda wapi?" anauliza.

"Kabla ya mwamba, baba. Kusini yake kidogo."

"Hapo ndipo nyavu zetu huburutwa. Nichoree, kesho nije kuangalia."

Ramani nimeichapa kwenye karatasi kubwa, na mwamba nimeuandika kwa jina analouita yeye.