Jinsi nilivyomnenepesha mbwa wangu bila kopo la mabaunsa

Mbwa wangu anaitwa Hayawahusu, na katika kipindi chote alichokuwa amekonda hapakuwa na kiumbe mtaani kwetu Kihonda, hapa Morogoro, aliyewahusu watu kuliko yeye. Alirudi kutoka kwa jamaa zangu wa shamba, ambako nilimwacha nilipokwenda kumuuguza mama, akiwa mbavu tupu, nyonga zimechomoza na manyoya yamepauka, na kabla sijafunga geti ushauri ulikuwa umeshaanza kumiminika. Aliyeshikilia zaidi ni mtoto wa kaka yangu, kijana ninayeishi naye, ambaye hunyanyua vyuma kila jioni na amegeuza sehemu ya juu ya friji yangu kuwa ghala la makopo yake: unga wa protini, kreatini, na unga mwingine wa kuchangamsha mwili kabla ya mazoezi. "Shangazi, mpe kijiko asubuhi na kijiko jioni," aliniambia, "utaona kifua ndani ya mwezi." Wenzake wa jimu walimuunga mkono, mmoja wao akiapa kwamba mbwa wake mwenyewe ameota shingo ya fahali kwa njia hiyo, ingawa mbwa huyo sijapata kumwona. Sasa Hayawahusu amenawiri, hajaonja hata chembe ya unga huo, na vijana wale wale wakipita getini husema, "Si tulikwambia, Mwalimu? Protini!" Ndiyo sababu naandika.

Nilifundisha hisabati shule ya msingi hadi nikastaafu, na najua kwamba huwezi kutafuta jibu kabla hujalisoma swali. Mbwa anayekula na bado akakonda ana kitu kinachomla. Daktari wa mifugo aliinua mdomo wake akanionyesha fizi zilizopauka, akapima kinyesi kwa hadubini na kukuta mayai ya minyoo ya safura, kisha akang'oa kupe masikioni na katikati ya vidole na kuchukua damu, ambayo ilithibitisha homa ya kupe. Safura hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo na kufyonza damu. Vijidudu vya homa ya kupe hukaa ndani ya chembe nyeupe za damu na kumdhoofisha mbwa polepole, wakati mwingine hadi atokwe na damu puani. Kumrundikia protini mbwa wa namna hiyo ni kujaza ndoo iliyotoboka, tena kwa maji ya kununua.

Dawa hupimwa kwa kilo, kwa hiyo tulimpeleka njia panda kwa kijana anayepima watu uzito. Mpwa wangu alipanda kwenye mzani akiwa amembeba mbwa, kisha akapanda peke yake, nami nikatoa: kilo 14, kwa mbwa ambaye kwa umbo lake angepaswa kuvuka 20. Mwenye mzani alidai malipo ya watu watatu, kwa maelezo kwamba mara ya kwanza walipanda wawili na mara ya pili mmoja. Nililipa bila kubishana, kwa kuwa hesabu yake ilikuwa sahihi. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo misuli ya mpwa wangu ilifanya katika mkasa huu wote.

Dawa ya minyoo haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kapsuli za doksisaiklini, dawa ya homa ya kupe, ambazo hutolewa kwa majuma manne mfululizo na ambazo zilikuwa zile zile wanazotumia binadamu. Mpwa wangu alirukia hoja hiyo papo hapo: kama dawa ya watu anapewa, unga wa watu una kosa gani? Nilimjibu kwamba dawa ile imeandikwa na daktari kwa hesabu ya kilo za mbwa, ilhali kijiko kilichomo ndani ya kopo lake kimepimwa kwa ajili ya baunsa. Hakukata tamaa, alipendekeza tuimimine kapsuli ndani ya kinywaji cha protini ili ishuke vizuri. Unga ule hutokana na maziwa na una kalsiamu, na kalsiamu hushikana na dawa hiyo na kuzuia sehemu yake isifyonzwe. Daktari alikuwa ameshanionya kuhusu maziwa, na alinionya pia kwamba kapsuli ikikwama kooni huunguza umio, hivyo ni lazima ifuatiwe na maji.

Basi nikaanza. Niliificha ndani ya tonge la ugali. Hayawahusu alikula ugali wote na kuniachia kapsuli katikati ya sahani ikiwa safi kuliko ilivyotoka dukani. Niliifunika kwa mkate uliopakwa siagi; alilamba siagi. Nilipoizungushia nyama, aliitafuna, kapsuli ikapasuka, uchungu ukamjaa mdomoni, akatoa povu na kunitazama kama mtu aliyesalitiwa, na kuanzia hapo chochote kilichotoka mkononi mwangu alikinusa kwanza kwa mashaka ya afisa forodha. Hapo ndipo akili ya darasani iliponirudia, kwa maana mwanafunzi anayekataa kula uji hula haraka sana akimwona mwenzake anausogelea. Nilitwanga dagaa waliochemshwa, nikawachanganya na ugali kidogo na kutengeneza vidonge vitatu vya mviringo vinavyofanana kabisa. Cha kwanza hakikuwa na kitu, na alikimeza kwa furaha. Cha pili kilikuwa na kapsuli, na kabla hajapata nafasi ya kutafakari nilikuwa nimekwisha kumwonyesha cha tatu mbele ya pua, huku paka wa jirani, ambaye nilimwita makusudi kwa harufu ya dagaa, akiwa ameketi juu ya ukuta akiangalia. Hayawahusu alimeza cha pili bila kutafuna ili awahi cha tatu. Baada ya hapo nilimpa mchuzi mwepesi wa dagaa usio na chumvi, akaunywa wote, na suala la maji likawa limekwisha. Daktari alicheka sana nilipomsimulia, lakini niliona anaandika mahali.

Kuhusu makopo, nilimketisha mpwa wangu mezani na kumpa karatasi na kalamu. Kopo la unga wa kuchangamsha mwili lilisema lenyewe kwamba kijiko kimoja kina miligramu 200 za kafeini. Yeye ana kilo 80, hivyo anapata miligramu mbili na nusu kwa kila kilo. Hayawahusu kwa kijiko hicho hicho angepata zaidi kidogo ya 14, na mbwa huanza kuhangaika na kutapika kwenye miligramu 15 hadi 20 kwa kilo, moyo huvurugika kwenye 40 hadi 50, na degedege huja zikikaribia 60. Mpwa wangu hutumia vijiko viwili, na kwa ukarimu wake mbwa angefika 28. Nilimwambia akokotoe pia kijiko kimoja tu kwa paka wa jirani, mwenye kilo tatu. Alipata karibu 67.

"Lakini protini haina kafeini, Shangazi," alisema, na hapo alikuwa sahihi. Ndiyo maana lazima usome kila kopo peke yake. Baadhi ya bidhaa za mazoezi hutiwa utamu wa zailitoli, ambayo kwa binadamu haina tatizo kubwa, ila kwa mbwa huchochea insulini nyingi kwa ghafla hadi sukari ya damu ianguke, mara nyingi ndani ya saa moja. Sehemu ya kumi ya gramu kwa kila kilo ya mwili inatosha, na kiasi kikubwa zaidi huua ini. Kopo lake lilikuwa na utamu mwingine, sukralosi, hivyo hoja hiyo alishinda. Hata hivyo ladha yake ilikuwa ya kakao, ambayo ina theobromini, ndugu wa kafeini, na unga wenyewe ulikuwa na laktosi, yaani sukari ya maziwa, ambayo mbwa wengi wazima huishughulikia kwa kuharisha. Kreatini mbwa hujitengenezea ndani ya mwili na kuipata kwenye nyama. Kwa kopo hilo sikuwa na hofu kubwa, nilikuwa na uchungu wa pesa tu.

Protini alihitaji, sikatai. Huko shamba alikuwa akila ugali na mabaki ya mchuzi, na unga wa mahindi hauna hata sehemu ya kumi ya protini, ilhali chakula cha mbwa mzima kinatakiwa kisipungue asilimia 18 kikipimwa kikavu. Dagaa wakavu ni protini zaidi ya nusu ya uzito wao. Nilimpikia dona na dagaa, nikaongeza mapupu kutoka buchani na yai lililochemshwa, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Dagaa wa Mwanza waoshwe kwa maji ya moto hadi mchanga uishe. Wa Kigoma ni watamu, lakini sijafikia hatua ya kumlisha mbwa dagaa wa Kigoma. Mchuzi wenye vitunguu nilipiga marufuku kabisa, kwa kuwa vitunguu maji na vitunguu saumu, vyote, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na huyu hakuwa na damu ya kuchezea. Kopo moja la mpwa wangu linauzwa laki na zaidi, na kwa fedha hizo mbwa wangu alikula muda mrefu na paka wa jirani naye akafaidi. Daktari alipoona fizi zimerudi rangi ndipo aliporuhusu matembezi, na tulianza kupanda taratibu upande wa Uluguru, kwa maana msuli wa paja hauji kwa kulala barazani.

Mwenye paka naye alikuwa amesikia kwamba paka huhitaji kirutubisho kiitwacho taurini, akataka kumpa kinywaji cha kuongeza nguvu kwa kuwa kopo lake linaitaja. Ni kweli paka akikosa taurini huweza kupofuka na moyo wake kudhoofika, lakini taurini imo tele kwenye samaki, nyama na moyo wa kuku, wakati kinywaji kile kinakuja na kafeini. Ukichemsha nyama, sehemu ya taurini huhamia kwenye maji, kwa hiyo usimwage supu.

Makopo sasa yamo kabatini chini ya kufuli, pamoja na matone ya vitamini D3, ambayo kwa wingi huwa sumu, na katika baadhi ya nchi hutumika kutengeneza sumu ya panya. Mbwa hutoboa kopo la plastiki kwa dakika chache, na ikitokea hivyo usimpe maziwa kwa imani kwamba yanaua sumu, wala usingoje umwone anatetemeka. Mbebe mara moja umpeleke kwa daktari wa mifugo, na ubebe kopo lenyewe, ili asome kilichomo na kukokotoa kwa kilo za mnyama wako.